Bado Hajavua Miwani

Kipindi cha tatu, Hisabati, breki ndo imeisha. Mimi nimewapa mgongo naandika desimali ubaoni, na nyuma yangu ni soko la Kongowea alfajiri malori ya vitunguu yakishusha. Nikasema nyamazeni. Wapi. Nikasema tena, nikaongeza ile yangu ya kila siku, nahesabu mpaka tatu. Moja... mbili...

Katikati ya hio mbili nikawasikia wasichana wawili wa dawati la mbele. Mmoja ni mgeni, kaletwa kutoka Malindi shule zilipofunguliwa muhula wa pili, na siku hio ilikuwa ya tatu tu kwetu. Yeye alikuwa ashafunga mdomo zamani, kakunja mikono juu ya dawati. Mwenyeji wake akamnong'oneza, tena kwa upole kabisa, kama unavomuonyesha mgeni msalani ni wapi:

"We endelea tu. Bado hajavua miwani."

Sikugeuka. Niliandika namba yoyote ile ubaoni ili mkono uwe na kazi.

Manake ni kweli jamani. Mimi nikikasirika kikweli huwa navua miwani, naifuta na leso, naiweka mezani. Naivaa tangu sekondari na sikuwahi kujijua. Usiku nilimuuliza mume wangu, akacheka mpaka akapaliwa na chai, ati "kwani hukujua?"

Mwiba wa tasi

Wiki tatu hio sentensi ilinikwama kooni kama mwiba wa tasi. Nikiwa kwenye matatu naisikia, nikikuna nazi naisikia. Mwanzo nilikasirika, mtoto wa miaka kumi ananipima hivo! Alafu hasira ikaisha nikabaki na kitu kibaya zaidi, kwamba yule mtoto hakusema uongo na wala hakunikosea adabu. Alikuwa anamfunza mwenzake kanuni za darasa, kazi ambayo ni yangu.

Na mimi miezi yote hio stafurumu, ofisini kwa walimu, ni kulalamika, hawa watoto hawana utaratibu, hawa watoto sijui walilelewa wapi.

Wanao utaratibu.

Wanao tena umenyooka, kila mtu anaujua, na mgeni anafunzwa kwa sentensi moja akaelewa. Ni vile tu sikuutunga mimi, wameutunga wao kwa kunisoma. Tichaa akisema nyamazeni mara ya kwanza, hio ni salamu. Akihesabu, una muda. Akivua miwani, basi funga mdomo.

Nilijaribu kukumbuka utaratibu wangu wa Januari ulipotea siku gani hasa nikashindwa, kwa sababu haukupotea siku moja. Februari joto lile la kaskazi, feni imekufa, mtu akinyanyuka kwenda kunywa maji bila kuomba unamuacha, nani ana roho ya kumkatalia mtoto maji. Ikaja Ramadhani, nimefunga, koo limekauka, nikiona madaftari yamemwagwa ovyo mezani naona bora niyapange mwenyewe kuliko kufungua mdomo. Nikajiambia baada ya Idi ntarudi kwenye mstari. Baada ya Idi kukawa na mitihani ya kufunga muhula. Baada ya mitihani likizo. Muhula wa pili ukafunguliwa na mvua za mwezi wa tano, nusu ya darasa haijafika, na wewe unaanzaje kukaza kamba na watoto wamelowa mpaka soksi?

Kila siku nilisamehe kitu kimoja kidogo. Wao wakaandika.

Dakika 47

Kabla sijafanya lolote nikaamua kupima, manake kulalamika nishalalamika vya kutosha. Wiki nzima kila kipindi cha Hisabati niliwasha saa ya simu kengele ikilia, nikaizima pale wengi wao wanapoanza kuandika. Jumatatu dakika 9. Jumanne 11. Alafu 8, 10, 9.

Jumla 47.

Vipindi vyetu vya gredi ya tano ni dakika 35 kila kimoja na Hisabati tunazo tano kwa wiki. Yaani kati ya hizo tano nilikuwa napoteza kimoja kizima na dakika 12 juu. Na mwakani hawa ndio wanakaa KPSEA, ule mtihani wa taifa wa gredi ya sita, ntawaambia nini wazazi, kwamba kipindi kimoja kila wiki tulikuwa tunatafuta penseli?

Kilichonishtua zaidi ni kwamba nilipoangalia dakika zenyewe zinaliwa na nini, sikuona utundu. Niliona foleni. Madaftari naita majina moja moja, watoto 58, wa kwanza keshapata lake na hana la kufanya mpaka wa 58 apate. Kichongeo kimoja kinazunguka madawati sita. Watatu wanaomba kwenda msalani kwa pamoja na mimi nimesimama najadiliana nao nani atangulie. Mtoto wa miaka kumi umpe dakika tisa za kukaa bure alafu umshangae akiongea? Mimi mwenyewe nikiwa kwenye semina mwezeshaji akisumbuka na projekta dakika tatu tu nishamgeukia jirani namuuliza habari za harusi.

"Hawa ni kiboko tu"

Tuna mzee mmoja pale ofisini, anakaribia kustaafu, namheshimu kama baba. Nilipomuonyesha namba zangu aliangalia akarudisha simu. "Mwanangu, hawa ni kiboko tu. Mengine yote ni kujisumbua."

Sitajifanya malaika hapa. Kuna Alhamisi moja ya Machi mkono uliniwasha. Na mimi ni mtoto wa kiboko, marufuku ilipotangazwa Kenya 2001 nilikuwa darasa la sita na wallahi tangazo lenyewe halikufika kwetu, tulichapwa mpaka siku ya mwisho ya darasa la nane. Leo sheria ya elimu ya 2013 kifungu cha 36 imekaza zaidi, ni kosa la jinai. Lakini sheria kando, nilimuuliza mzee: hebu nikumbushe, enzi hizo tulipokuwa tukichapwa kwa kelele, kelele ziliisha? Akanyamaza kidogo, akacheka. "Ziliisha mwalimu akiwepo."

Hapo tukaachana na hayo, chai ilikuwa inapoa.

Manila

Jaribio langu la kwanza lilikuwa aibu kwa hivo ntalipitisha mbio. Nilinunua manila ya manjano na makapeni, nikaandika kanuni 14 kwa hati nzuri, nikabandika Jumatatu asubuhi na hotuba juu. Jumatano nikampita mvulana mmoja anamfanyia mwenzake mtihani, ati kanuni ya tisa inasemaje? Mwenzake hajui. Nikajiuliza mimi mwenyewe ya tisa inasemaje.

Nilipindua kichwa kuangalia ukutani.

Ijumaa upepo wa kusi uliing'oa upande mmoja na sikuibandika tena.

Jioni chuoni

Kilichonigeuza sikukitafuta. Mwanangu anasoma chuo mtaani kwetu, madrasa ya kawaida, chumba kimoja na majamvi, na jioni moja mvua ilinizuia mlangoni nikimsubiri. Nikachungulia ndani. Nani namuona? Bingwa wangu wa kelele, yule ambaye kwangu hamalizi dakika mbili kitini. Kakaa, kanzu safi, juzuu mbele yake, anasoma na kichwa kinaenda mbele na nyuma.

Wazo la kwanza ni lile lile la mzee, hapa lazima kuna bakora. Nikaangalia. Maalim ni kijana tu, hana hata fimbo, watoto sitini na kitu na yeye yuko peke yake.

Na si kwamba kulikuwa kimya. Kimya wapi! Kila mtu anasoma yake kwa sauti, ukisimama nje unadhani ni mzinga wa nyuki. Lakini wakati nasubiri mvua waliingia watoto wanne waliochelewa, na wote wanne walifanya kitu kimoja bila kuambiwa. Viatu mlangoni, salamu, wanachukua juzuu kwenye rafu, wanakwenda pahala pao, wanaanza kudurusu ya jana mpaka zamu yao ya kwenda mbele kwa maalim ifike. Hakuna aliesimama kuuliza nifanye nini. Maalim hakunyanyua hata uso.

Hakuna mtoto aliekuwa anasubiri bure. Hilo tu ndo niliona na lilinitosha.

Nikamkumbuka mtu mmoja tulimsoma chuo cha ualimu nikamkariri nikamwaga kwenye mtihani yakaisha. Jacob Kounin, mwanasaikolojia wa Marekani. Kisa chake kilianza siku alipomkemea mwanafunzi aliekuwa anasoma gazeti darasani kwake, akashangaa wengine ambao hawakuguswa nao wakakaa sawa. Basi akaingia kutafiti kemeo, ni la aina gani linalofaa? Baadaye yeye na wenzake wakarekodi madarasa kwa video, na alichokitoa 1970 kilipindua swali lake mwenyewe. Namna mwalimu anavokemea kosa likishatokea haikuwatofautisha walimu wenye madarasa yaliotulia na wale yaliowashinda. Tofauti ilikuwa kabla ya kosa. Mwalimu anaeona pande zote na watoto wanajua anaona, anaelivusha darasa kutoka kazi hii kwenda ile bila kuacha mwanya wa watu kukaa bure.

Miaka kumi na mbili nafundisha, na mimi juhudi zangu zote nimeziweka kwenye kukemea. Kuhesabu mpaka tatu, kuvua miwani, kuandikisha wapiga kelele. Vyote vya baada ya kosa.

Maalim yule sidhani kama amewahi kumsikia Kounin, na hajapungukiwa na kitu.

Karatasi 58

Jumatatu baada ya hafutamu, ile likizo fupi ya katikati ya muhula, niliingia nikawaambia ukweli. Hili nililiogopa. Rafiki yangu wa gredi ya nne aliniambia, "Shoga, ukiwaomba msamaha watakukalia kichwani mpaka Novemba." Na mimi nusu nilimuamini, kwetu mkubwa hamuombi mtoto radhi, anamnunulia kashata yakaisha.

Nikasema: nyinyi hamkuharibika, mimi ndo niliacha mambo niliyowafunza Januari. Nataka turudi. Lakini kwanza nataka kujua mnajua nini kunihusu. Nikagawa vijikaratasi, usiandike jina, andika kitu kimoja unachokijua kuhusu tichaa ambacho mgeni akija utamwambia.

Macho yao! Walidhani ni mtego. Mpaka nilipowaambia miwani nishaijua, darasa likalipuka, na yule mwenyeji wa dawati la mbele akajificha uso ndani ya begi.

Nilizisoma jioni kitandani. Naandika hapa chache kama zilivo:

*Akianza kuongea kizungu peke yake ujue ni hatari.*

*Akiwa na kikombe cha chai hatusumbui.*

*Akisema tutamalizia kipindi kijacho, hatutamalizia.*

*Ijumaa hakuna homwaki hata akisema ipo.*

*Akisimama mlangoni na Madam wa gredi ya nne tuna dakika tano.*

*Ukichelewa siku ambayo na yeye amechelewa hasemi kitu.*

Hio ya mwisho iliniuma, foleni ya darajani naijua mimi na Mungu wangu, lakini hawakuwa wamenisingizia.

Na kulikuwa na moja ya penseli, hati mbaya: *Akiingia bila kutusalimia tunajua ana jambo tunanyamaza wenyewe.* Hio nimeiweka kwenye pochi, sikuihesabu na zingine.

Ukiondoa hio, karibu zote zinasema kitu kimoja, kwamba maneno yangu na vitendo vyangu walishavitenganisha zamani, maneno wameyaacha, wanafuata vitendo. Hapo nikaelewa kwa nini manila haikuwa na maisha. Niliongeza maneno juu ya maneno.

Tokeni nje tena

Safari hii kitu kimoja tu. Kuingia darasani.

Sikuandika popote. Nilitoka nao nje kwenye varanda, nikaingia mimi kama mwanafunzi, wao wananiangalia kwa dirisha. Salamu, daftari lishakaa mwisho wa kila safu limepangwa na mtu wa safu, nachukua langu napitisha mengine, nakaa, ubaoni kuna hesabu tatu za jana, naanza. Walicheka nilipobanana kwenye dawati. Alafu wao. Mara ya kwanza vurugu, tokeni nje tena. Mara ya pili bora kidogo, tokeni tena. Mvulana mmoja mrefu akasema, "Tichaa, kwani sisi ni gredi ya kwanza?" na sikuwa na jibu zuri, nikamwambia hata timu inayojua mpira inafanya mazoezi. Jibu la haraka haraka, lakini nikaona kalikubali, yeye ni kipa.

Siku ya kwanza ilinilia kipindi kizima cha Hisabati. Nilikuwa nahesabu kichwani, dakika 35 nyingine hizo. Usiku sikulala vizuri. Wiki ya pili, dakika 3. Sijaongeza cha pili mpaka hicho kilipokaa, na cha pili kilikuwa msalani: kikadi cha mbao kwenye msumari, kikiwepo chukua nenda, kisipokuwepo subiri, mimi usiniulize. Huwezi kuamini amani nilioipata kwa kijiti cha mbao. Vichongeo nilinunua vitatu sokoni, nikavifunga kamba, mambo ya vichongeo yakafa hapo.

Kuhesabu nimeacha. Nikitaka wanisikilize nasimama pahala pamoja, pale karibu na dirisha, na sisemi. Wiki ya kwanza nilisimama kama mlingoti dakika mbili nzima najiona mjinga, na mwalimu mkuu akapita.

Bei ya jina

Ile siku ya karatasi, baada ya vicheko, mtoto mmoja alinyoosha mkono. "Kwa hivo tichaa, orodha ya wapiga kelele imefutwa?"

Nikamuuliza kwa nini, akaangalia chini, wengine wakaanza kucheka cheka, na monita akawa ghafla anatafuta kitu chini ya dawati. Ikatoka pole pole. Mimi natoka darasani, monita anaandika majina. Jina kufutwa ni mabuyu ya shilingi tano. Ukiandikwa mara mbili ni achari. Kulikuwa na mpaka deni! Na wale watano wangu ambao majina yao hayakosi kila siku, ambao nishawahi kuwaitia wazazi, hawakuwa wapiga kelele zaidi ya wengine. Hawakuwa na shilingi tano.

Nilicheka pale darasani. Kwenye matatu sikucheka.

Mzazi wa mmoja wao nilimpigia jioni ile. Nilitaka kueleza kwa urefu nikaishia kusema mama fulani, nilikuita mwezi wa tano na sikuwa na haki, nisamehe. Akanyamaza, alafu akasema, "Haya mwalimu. Alikuwa akiniambia." Alikuwa akimwambia na mamake hakumuamini, kwa sababu mwalimu ndo kasema.

Yaliobaki

Baada ya chakula cha mchana bado ni tabu, sina dawa, darasa linanuka jasho na viazi karai na mimi mwenyewe nasinzia. Ijumaa ni Ijumaa. Mvua ikipiga mabati hakuna utaratibu duniani utakaosikika. Na hizi dakika 3 zimesharudi kuwa 5 wiki mbili hizi, nimeona, naijua sababu, nimeanza tena kusimama mlangoni na shoga yangu wa gredi ya nne.

Nimemwambia aje kunipasha habari saa nne kwenye chai. Kanuna.

Juzi nikasahau miwani nyumbani. Niliikumbuka nishafika shuleni, kurudi haiwezekani, nikaingia darasani macho matupu. Kengele ikalia. Sijawahi kuona kitu kama kile. Watu 58 wameingia bila hata kiatu kuburuza, madaftari yakapita safu kwa safu, hakuna aliekohoa, mwenyeji wa dawati la mbele kanikodolea macho kama anaemtazama mtu na panga.

Sikuwaambia. Mungu atanisamehe, kipindi kizima sikuwaambia. Hesabu za ubaoni alinisomea mgeni.